Kilo Arobaini Puani mwa Kobra

Uwanja wa ndege, kando ya mto Lena
Jumatatu, 6 Machi 1944

Kaka yangu mpendwa Nikifor,

Nakuamkia kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa wake, na kwa hamu ya mtu ambaye hajakutia machoni kwa miezi kumi na tisa. Hujambo lakini? Kile kikohozi ulichoandika mwezi wa Desemba kimekuachia? Na ule mguu ulioangukiwa na sanduku la vyuma, bado unauburuta? Nijibu ukweli, si yale majibu yako ya kiaskari kwamba kila kitu kiko sawa na adui anakimbia. Wasalimie mafundi wenzako wote, na yule mpishi wenu anayeunguza uji mpe pole zangu kwa matusi mnayomtupia kila asubuhi.

Mimi mwili wangu ni mzima. Mengine utayakuta mbele. Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi, karatasi juu ya goti, kwa hiyo uusamehe mwandiko. Barua hii haipiti posta wala mikononi mwa mkaguzi. Anaibeba Kapteni Oleynik, aliyehamishiwa kikosi chenu huko vitani, na ndege yake inaondoka leo saa nane mchana. Sasa hivi ni saa sita na nusu. Ukimaliza kuisoma, ichome.

Nianze na Mama, maana najua macho yako yameshaanza kumtafuta. Mama anatembea. Wiki iliyopita alichota maji mwenyewe, na juzi aligombana na jirani kwa sababu ng'ombe wa huyo jirani alikula nyasi kavu za uani kwetu, na aliyeniletea habari hizo alisema sauti ilisikika hadi ng'ambo ya ziwa. Nililia kwa furaha. Kaka, nilikudanganya mwezi wa Januari. Nilikuandikia kwamba hajambo, kumbe miguu ilikuwa imevimba kiasi kwamba ukibonyeza kidole shimo linabaki. Kiangazi cha pili bila mvua kilimaliza nyasi, na ng'ombe wetu wawili walikufa kabla ya theluji ya kwanza. Mama alikuwa akila gamba la ndani la msonobari, analitwanga na kulichemsha kwa maziwa ya mgando, na maziwa yalipokwisha akalichemsha kwa maji. Nilipopata ruhusa ya siku mbili nikaenda kumwona, alinikaribisha mezani kama kwamba pale mezani kuna kitu. Nilirudi kazini nimechanganyikiwa.

Sasa amepata unga. Wa ngano, mweupe. Nitakwambia ulikotoka, ila nipe nafasi, mdomo wangu ni mzito.

Wewe Kobra unazipokea zimeshafika vitani, mzinga umejaa risasi, kwa hiyo huenda hujui zinavyosafiri. Ni ndege ya ajabu aliyoitengeneza Mmarekani. Ina mlango wa pembeni kama wa gari, rubani anaingia kama bwana mkubwa, na injini imewekwa mgongoni kwake badala ya mbele. Hivyo uzito wote uko nyuma. Puani kuna mzinga na risasi, na risasi ndizo zinazosawazisha. Safarini risasi hazipo. Pua ikiwa nyepesi, ndege ikikata kona kwa mwendo mdogo mkia unazama, halafu inaanguka huku ikizunguka bapa, na hapo hakuna fundi wala rubani wa kuirudisha. Ndiyo maana kule Alaska wenzetu wanaozipokea kwa Wamarekani hutia puani magunia mawili ya turubai, kilo ishirini kila moja, yakae humo hadi vitani.

Mzee Lavrenty, mkuu wa genge letu la mafundi, ana maelezo yake mafupi zaidi. Kila anapopata fundi mpya humpeleka mbele ya Kobra na kumwambia hivi: "Huyu ni bibi wa Kimarekani. Mzuri, ila makalio yamemzidi. Usipompa mzigo wa kukumbatia kifuani, atakaa chini mbele ya wageni." Wasichana huona haya, wavulana huvunjika mbavu, na hakuna anayesahau.

Kwa kawaida magunia hayo huwa ya mchanga. Lakini mara moja moja huja yakiwa na unga. Mtu fulani kule Alaska aliona ni upumbavu kurusha mchanga juu ya vichwa vya watu wenye njaa, akaomba ruhusa, na unga huo ukifika mwisho wa njia mchanga unachukua nafasi yake, wenyewe unakwenda jikoni kwa majeruhi. Sisi wa katikati tuna amri moja tu: uzito usiguswe.

Na kuhakikisha haujaguswa ni kazi ya Mzee Lavrenty. Hafungui pua, maana katika baridi ya nyuzi hamsini chini ya sifuri kila skrubu unayoifungua inakula ngozi ya vidole. Anakwenda nyuma, anaushika mkia kwa mikono miwili, anauvuta chini taratibu mpaka gurudumu la mbele lianze kuchezacheza, anaachia. Kwa mvuto huo anajua kama kilo arobaini zipo. Wanajeshi wa mizani waliwahi kumjaribu, wakatoa kilo tatu kwa siri, akavuta mkia na kuwauliza wamemwibia nini bibi yake. Tangu siku hiyo saini yake haihojiwi.

Jumatano tarehe 16 Februari zilikuja Kobra tano. Zililala kwetu, Alhamisi asubuhi tukazipasha moto kwa majiko, tukazipima, zikawa tayari kuondoka saa nane. Nambari tatu ilikuwa ya Luteni Zavyalov. Humjui. Ni mtu wa Voronezh, mrefu, mwenye aibu, anayeomba radhi kila anapokanyaga mguu wa mtu. Nilimfunga mikanda mimi mwenyewe. Aliniuliza kwa nini nahema, nikamjibu kwamba nimekimbia kutoka kantini.

Zilitakiwa kufika mwisho wa kipande chetu cha njia jioni ileile. Lakini ukungu uliziba njia, zikashuka kwenye kiuwanja kidogo cha katikati, na zikakaa huko siku mbili. Kila asubuhi mafundi wa huko waliwasha majiko, wakaingiza bomba la joto puani ili giaboksi iliyomo humo, yenye mafuta yaliyoganda, ipate uhai kama desturi ilivyo, na Jumamosi saa tano zikaruka. Nusu saa baadaye kiongozi wa msafara aligeuka kukwepa wingu. Zote ziligeuka. Nambari tatu mkia ulizama, ikaanza kuzunguka, ikapotelea msituni. Wenzake waliona mlango ukirushwa na mwavuli wa kurukia ukifunguka, kisha wingu likafunika kila kitu.

Siku nne, Kaka. Siku nne nilikuwa nikiamka naenda kwenye chumba cha redio, nasimama mlangoni, msichana wa redio anatikisa kichwa, narudi kwenye injini. Usiku nyuzi arobaini na nane chini ya sifuri, na mtu yuko nje. Nilikuwa nikila mkate wangu naona namlia mtu roho yake. Mzee Lavrenty aliona sina hali, akadhani nampenda yule kijana. Akanitania kwamba nisihofu, mtu anayeomba radhi namna ile, hata kifo kitamwonea haya. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Jumatano mwindaji mmoja wa msituni alimkuta. Alikuwa hai, amejizungushia kitambaa cha mwavuli, ameketi kwenye shimo la theluji anazungumza na moto uliokwisha kuzimika. Alipokuwa anaruka upepo ulimvua glavu ya kulia. Walimleta kwetu kwa ndege ya wagonjwa, na daktari akamkata vidole vinne vya mkono huo. Amebaki na dole gumba. Hatarusha tena ndege.

Kisha tume ikaja. Waliifuata Kobra huko msituni wakaikuta imelala bapa, pua haikuvunjika. Wakaifungua. Magunia mawili yalikuwepo, yamefungwa vizuri kwenye kamba zake, na ndani yake hamna kitu. Tupu. Kwenye mishono kulikuwa na vumbi jeupe. Meja aliyekuja na tume ni mtu mpole wa kutisha, hapandishi sauti, anakupa kiti na kikombe cha chai. Alishahesabu mambo yake: magunia yalikuwa ya unga, unga umeibwa, ndege ikaachwa iondoke na pua nyepesi. Na aliyetia saini kwamba uzito upo ni Lavrenty.

Mzee alijibu kwamba uzito ulikuwepo. Aliuvuta mkia kwa mikono yake. Meja akamuuliza basi kilo arobaini zimekwenda wapi kutoka kwenye pua iliyofungwa kwa skrubu. Mzee akasema hajui zimekwenda wapi, anajua tu kwamba zilikuwepo, na mikono yake haijawahi kumdanganya.

Walituhoji wote. Mimi niliulizwa nilikuwa wapi saa ya chakula, nikasema kantini, nikataja hata supu ilikuwa ya nini. Meja akaandika. Juu ya meza yake palikuwa na kikopo kidogo chenye lile vumbi, nami nilikiangalia muda wote kama mtoto anayeangalia sindano. Akanishukuru, akasema nimalize chai yangu.

Ijumaa tarehe 25 wakapekua mabweni. Chini ya godoro la Mzee Lavrenty walikuta kitambaa, na ndani ya kitambaa unga mweupe wa ngano, kikombe kimoja na nusu.

Tulikuwa tumesimama kwenye mstari wakati kinaletwa. Meja akakifungua mbele ya watu na kumuuliza Mzee ameupata wapi. Mzee Lavrenty aligeuka. Akanitazama, Kaka, si kwa hasira, bali kama anayepima kitu, kama anavyoushika mkia. Kisha akasema amebadilishana kwa tumbaku na mpita njia mwenye sleji ya kukokotwa na farasi thelujini, sura haikumbuki. Na hapohapo akaongeza kwamba kuhusu ule uzito, akifikiri vizuri, pengine alikosea. Amezeeka. Baridi imemwingia vidoleni. Pengine mikono ilimdanganya.

Wakamchukua. Kesho asubuhi anapelekwa mjini kwenye mahakama ya kijeshi, na shitaka limeandikwa hujuma. Unajua wakati huu wa vita adhabu ya hujuma ni ipi.

Sasa nikwambie, kwa maana saa saba imefika na siwezi kuzunguka tena.

Kile kikombe cha unga nilimpa mimi. Ilikuwa siku yake ya jina, sikukuu ya mtakatifu aliyepewa jina lake, amezoea kunigawia sukari yake, nikamletea nikamwambia umetoka kwetu kijijini. Alicheka akasema atajipikia chapati za maji siku vita vikiisha, akauficha. Hakuuliza zaidi, ingawa alijua vizuri kwamba kijijini kwetu watu wanakula magome. Siku ile kwenye mstari ndipo alipoelewa, na alipoelewa akaamua kunibeba. Mtu aliyejivunia mikono yake miaka thelathini aliitukana mbele ya genge lake lote ili mimi nipone.

Unga niliuiba mimi, Kaka Nikifor. Alhamisi ile, saa ya chakula, wote wakiwa kantini. Asubuhi wakati napasha moto pua ya nambari tatu nilifungua kifuniko, nikaona kwenye mshono wa gunia kitu cheupe, nikakigusa kwa ulimi. Kuanzia hapo sikuwa na akili nyingine. Nilimwona Mama akinikaribisha mezani. Na kwa bahati mbaya ya siku, yule mleta barafu unayemjua, anayetuletea maji ya kantini kutoka mtoni, alikuwa amesimamisha sleji yake nyuma ya ghala, naye siku hiyo alikuwa anarudi kijijini kwetu.

Nilihitaji kitu cha kuweka badala yake. Mchanga wetu wote uko ghalani, umeganda kama jabali, wanauchoma moto nusu siku ndipo sururu iingie. Mimi nilikuwa na saa moja. Nikaangalia sleji, nikaona barafu.

Najua wewe utanielewa, ingawa hakuna mtu wa Voronezh atakayeelewa. Kwetu barafu si maji. Mwezi wa Novemba tunaikata mtoni, tunaipanga uani kama kuni, na mpaka Aprili ni kitu kigumu cha kuaminika kama jiwe. Baba alitutilia barafu dirishani badala ya kioo. Nani kwetu amewahi kuona barafu ikiyeyuka mwezi wa Februari? Nikamwaga unga kwenye mifuko ya mleta barafu, nikavunja mabonge ya barafu, nikayapima kwenye mizani ya ghala, kilo ishirini na kilo ishirini, wala sikupunja hata nusu. Nikayatia kwenye magunia yaleyale, nikafunga kamba, nikafunga skrubu. Nilijivunia ufundi wangu, mjinga mimi. Nilijiambia ndege imeshapashwa moto, inaruka saa hii, jioni inafika, na kule mwisho wa kipande chetu magunia hufunguliwa na kupimwa upya. Watakuta barafu, watatukana mama zetu, wataweka mchanga, basi. Mzee Lavrenty akaja, akavuta mkia, akatia saini. Mikono yake ilisema kweli tupu. Kilo arobaini zilikuwepo.

Ukungu sikuufikiria. Wala jiko la asubuhi, mimi ambaye kazi yangu ya kila siku ni kuliwasha jiko hilo. Siku mbili mfululizo kwenye kile kiuwanja walipasha pua joto, barafu ikawa maji, maji yakatoka kwenye tundu za kutolea maganda ya risasi, na fundi aliyeona yanadondoka alidhani ni theluji ya juu ya bati. Ningekuwa mimi ningedhani hivyohivyo.

Nilinyamaza wiki mbili. Sijitetei. Siku za kwanza nilijiambia Zavyalov akipatikana hai nitasema. Akapatikana, nikajiambia Mzee hatafungwa, maana hawana ushahidi. Wakapata ushahidi, nikajiambia nikisema watamfuata Mama, na mleta barafu, na wewe. Hofu haikosi la kusema.

Aliyenivunja ni Mama. Nilipompelekea unga niliagiza aambiwe ni zawadi ya rubani mmoja, na alipong'ang'ania jina kupitia mleta barafu, jina la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa Zavyalov. Jumatatu iliyopita kikaja kifurushi. Glavu mbili za manyoya ya sungura, ndani zimetiwa singa za farasi, mshono uleule wa Mama wa kurudia mara mbili. Ameagiza kwamba amekata kwa kipimo cha mkono wa Baba, kwa kuwa mtu mwenye moyo ule lazima awe na mkono mkubwa, na kama zinambana nimrudishie haraka azilegeze. Ameagiza pia kwamba kila akikanda unga anamtaja kwa jina na kumwombea mikono yake isichoke.

Nilizificha siku sita. Jana nikazichukua nikaenda hospitali.

Alikuwa ameketi kitandani anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Ilipomwingia akilini kwamba ni mimi, aliomba radhi kwa hali ya shuka. Nikamwambia yote, nimesimama, bila kumwangalia, kama mtoto anayesoma shairi shuleni. Nilipomaliza nilitegemea anipige. Ningefurahi anipige.

Aliniuliza Mama amebakiza unga kiasi gani. Nikasema karibu nusu. Akaniuliza kama miguu imepungua kuvimba. Nikasema imepungua. Akageukia ukuta, mabega yanatikisika, na nilijua haombolezi kwa ajili ya Mama. Ana miaka ishirini na minne na kazi pekee aliyoijua ni kurusha ndege.

Halafu akasema, bila kugeuka, kwamba yeye hatanisemea kwa Meja wala hatanisamehe leo, nisimwombe. "Mimi nimeshalipa sehemu yangu," akasema. "Ya Mzee atailipa nani?" Nikainuka niondoke na kifurushi changu, akaniita. Akauliza zile glavu zimeshonwa kwa kipimo cha nani. Nikamwambia cha Baba yetu, amekufa. Akanyoosha mkono wa kushoto. "Niachie hii," akasema. "Ile nyingine mpe mtu mwenye vidole."

Benchi ninalokalia, Kaka, liko nje ya mlango wa Meja. Yuko kwenye chakula, anarudi saa saba na nusu. Mfukoni nina karatasi niliyoiandika na kutia saini: kwamba nilikuwa peke yangu, kwamba barafu niliiokota ghalani, na kwamba mikono ya fundi Lavrenty haikukosea. Hilo la mikono nimelipigia mstari. Kuhusu mleta barafu hakuna neno, wala kuhusu Mama. Unga nimesema niliuuza kwa watu nisiowajua. Huo ndio uongo wangu wa mwisho na sioni haya kuusema. Naogopa, sikufichi. Lakini tangu nimekaa hapa sijainuka.

Mimi nitakuwa nimefanywa nini barua hii ikikufikia, sijui. Usiende kuniombea kwa wakubwa wako, utajiharibia bure. Ila nakuomba mambo mawili. Kila Kobra ikikufikia, kabla ya kitu chochote, nenda nyuma ukauvute mkia chini kwa mikono miwili, ujizoeze mpaka mikono yako ijue, halafu wafundishe na wenzako. Waambie ni ufundi wa Mzee Lavrenty, wataje jina lake. La pili, mwandikie Mama mara kwa mara, maana huenda barua zangu zikakatika. Mwambie nimehamishwa kituo. Yule mpishi, yule dereva wa Tula anayepiga gambusi, na wote wanaokumbuka jina langu kwenye barua zako, wape salamu zangu mmoja mmoja. Jitunze kifua. Kula vizuri, na ukila usinifikirie vibaya.

Nasikia hatua za Meja kwenye ngazi, na Kapteni Oleynik ananyoosha mkono aipokee barua. Namkabidhi pamoja na glavu ya kulia. Ivae, inakutosha, mkono wako ni wa Baba. Mama akikuandikia kukuuliza kama glavu zilimkaa vizuri rubani, mjibu kwamba zilimkaa vizuri sana, na usimwambie ni moja.

Mdogo wako akupendaye,
Varvara